Nilivyowafuta Akina Mama wa Chilangala

Mimi nina mdomo. Nalijua hilo, na wanaonijua wanalijua zaidi. Siku hizi nikikaa kimya kwenye kikao watu wanauliza kama naumwa. Siumwi. Kuna jambo nililifanya kwa kidole, nikalifunika kwa mdomo, na lilimwangukia mama mmoja wa Chilangala ambaye kosa lake lote lilikuwa kunipa kigoda nikalie. Nimeshalihadithia mara mbili tatu kwa kulipunguza. Leo sipunguzi.

Wakati huo nilikuwa idara ya pembejeo katika shirika dogo la wakulima, ofisi zetu Masasi, si mbali na hospitali ya Mkomaindo. Kazi yetu ilikuwa kuandikisha wakulima wenye mikorosho michache, hasa wajane na wazee, wa huku chini na wa kule juu Newala, halafu kuwapelekea salfa maua yakianza. Asiyejua salfa nimweleze. Ni unga wa njano unaopulizwa kwenye mkorosho alfajiri, majani yakiwa bado na umande, ili ua lisipate ubwiri. Ubwiri ni ukungu mweupe. Ukiliona ua lililoshikwa utadhani mtu amelimwagia unga wa muhogo. Ua hilo halizai tena. Na salfa iliyochelewa ni uchafu wa kujazia ghala tu, haina kazi nyingine.

Ili salfa imfikie mtu, jina lake liwe kwenye orodha. Orodha inahitaji mfumo, na mifumo yote ilikuwa chini ya mtu wa TEHAMA.

Idara ya TEHAMA ilikuwa ni yeye peke yake, meza yake na feni lake linalolia. Mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mwenyeji wa Kagera, mpole wa kuudhi. Ukimwambia unataka kitu kesho anakupa fomu ujaze. Tulimpachika jina la Bwana Subirini, si mbele yake, ingawa nadhani alijua. Mwezi wa pili tulimwomba atutengenezee mfumo wa kuandikisha wakulima. Mwezi wa tatu alikuwa bado anauliza maswali.

"Dada," ananiambia, daftari mkononi, "mkulima asiye na simu mtamwandikaje?"

"Kuna mtu asiye na simu siku hizi?"

"Na akikupa namba, simu hiyo ni ya nani?"

Nilimwangalia nikadhani ananitania. Simu ya nani! Niliporudi chumbani kwetu nikawasimulia wenzangu, na swali hilo likawa utani wa ofisi kwa wiki mbili. Mtu akiazima kalamu: kalamu hii ni ya nani? Chai ikiletwa: chapati hii ni ya nani? Mimi ndiye nilikuwa fundi wa kuigiza ile sauti yake ya taratibu. Siku moja niligeuka nikamkuta amesimama mlangoni, ameshika karatasi. Aliiweka mezani, akasema "Samahanini," akaondoka.

Bosi wetu alikuwa mama wa kasi, katoka Dar es Salaam, na alitaka orodha mezani kabla mwezi wa tano haujaisha. Ijumaa moja aliniita akafunga mlango. Shemeji yake, anasema, ana biashara ya vifaranga, na wateja wake wote amewaweka kwenye programu moja ya bure. Unaipakua kwenye simu, unatengeneza fomu, unaandika watu, orodha inatoka yenyewe.

"Sasa hapo TEHAMA wa nini?" akasema.

"Tusimwambie kabisa?"

"Tumwambie ili atupe fomu?"

Tulicheka sana. Fomu nikaitengeneza mimi, kwenye simu yangu, muda wa chakula cha mchana, huku nakula. Kuna mahali programu iliniuliza: mkulima mmoja atofautishwe na mwingine kwa kitu gani? Nikachagua namba ya simu. Wala sikufikiri. Nilijiona mjanja, nikapeleka sahani yangu, nikarudi nimeshakuwa mtaalamu.

Na mimi ni mzaliwa wa Lupaso, jamani. Hapo ndipo ninapojichukia. Mama yangu mzazi hadi leo ukitaka kumpata unapiga kwa mwalimu jirani, mwalimu anatuma mtoto kumwita, unapiga tena baada ya dakika kumi. Najua simu moja inavyobeba mtaa mzima, nimekulia humo. Mtu wa Kagera aliyefika kwetu ukubwani aliliona jambo hilo, akaliuliza kwa adabu, mimi niliyezaliwa nalo nikaligeuza kichekesho cha chai.

Wiki ile ile ikabandikwa barua ubaoni kutoka kwake. Inaziomba idara zisitumie programu za nje bila kumwarifu, maana taarifa zikipotea hatajua pa kuzitafutia. Bosi aliibandua, akaisoma, akaikunja, akaiweka chini ya kikombe chake cha chai isiunguze meza. Mimi nilikuwepo na nilicheka.

Chilangala tulikwenda mapema mwezi wa nne. Dereva alinishusha kwenye duka la katikati ya kijiji akaendelea na mwenzangu kijiji cha mbele. Mwenye duka ana sola juu ya bati, na simu za watu zimejaa kwenye kaunta yake zinachajiwa, kila moja na kikaratasi chake. Akina mama walikuwa wameshakusanyika barazani. Pa kukaa hapakuwepo. Mama mmoja, mwembamba, kanga mbili, kichwa chote mvi, akaniona nimesimama na mkoba begani. Akaondoka bila kusema kitu, akaenda nyumbani kwake hapo nyuma, akarudi na kigoda.

"Kaa, mwanangu. Kuandika watu umesimama, utaandika vibaya."

Nikamwamkia, akaniitikia, nikakaa. Kwa kuwa alikuwa karibu nikaanza na yeye. Mikorosho mingapi? Kumi na saba, ya mama yake mzazi. Anakaa na nani? Na wajukuu wawili. Halafu akaniambia mambo ambayo fomu haikuuliza. Nyumba yake ni ya nyasi na nyasi zimeoza. Mvua zilizopita alilala na beseni ubavuni, na likijaa anaamka kulimwaga. Mwaka huu, korosho zikijaliwa, anaezeka bati kabla mvua hazijarudi. Bati tu, hataki kingine. Alisema hivyo huku anainyooshea kidole nyumba yenyewe, na mimi niliangalia, nikaiona.

"Namba ya simu, mama?"

Akaitamka yote bila kusita, kwa kichwa. Ilikuwa namba ya mwenye duka. Ujumbe wake unaingia pale, mwenye duka anamsomea. Nikaiandika.

Mama wa pili akatamka namba ile ile. Na wa tatu. Simu ikaniuliza, kwa Kiingereza chake kifupi, kwamba namba hii tayari ina taarifa, je, niweke hizi mpya juu ya zile za zamani? Kulikuwa na kitufe cha Ndiyo na kitufe cha Hapana. Nilijaribu Hapana, ikagoma kuendelea. Nikabonyeza Ndiyo, ikapita. Basi. Kuanzia hapo kila ikiniuliza nabonyeza Ndiyo kabla sijamaliza kusoma. Bosi alishanipigia mara mbili kuuliza nimefika wapi, jua lilikuwa kali, na nilikuwa na njaa. Hadi saa nane mchana niliwaandika akina mama thelathini na mmoja kwa namba ya duka. Wa mwisho alikuja amechelewa, mtoto mgongoni, anahema.

Chini ya fomu kulikuwa na hesabu ya walioandikwa, na nilipofunga niliiona ni ndogo. Nikasema ni mtandao wa huku juu, tukishuka Masasi utakaa sawa. Nikamrudishia yule mama kigoda chake. Sikumbuki kama nilisema asante.

Orodha ilitoka kabla ya wakati. Bosi akasifiwa kwenye kikao cha wakuu wa idara, nami nikasifiwa na bosi. Mtu wa TEHAMA alikuwepo, mfumo wake umebakiza siku chache ukamilike. Hakuuliza orodha tumeipata wapi. Aliandika kitu kwenye daftari lake tu.

Mwezi wa saba mwanzoni tukapandisha salfa. Chilangala walikuwa wanatusubiri mbele ya ghala la kijiji tangu asubuhi. Yule mama alikuwa mstari wa mbele, na mifuko mitupu ya kubebea, kanga imefungwa kiunoni kwa kazi. Nikasoma majina. Nikasoma hadi mwisho. Akainua mkono kidogo.

"Mwanangu, langu sijalisikia."

Nikatafuta. Halikuwepo. Mwingine akasema lake pia halipo, na mwingine nyuma yake. Nikashuka na kidole kwenye namba za simu. Namba ya duka ilikuwepo mara moja tu, na jina pembeni yake lilikuwa la yule aliyekuja amechelewa na mtoto mgongoni. Wa mwisho. Wote waliomtangulia nilikuwa nimewafuta mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, Ndiyo, Ndiyo, Ndiyo.

Nilielewa pale pale. Nataka hili lijulikane, maana ndilo kosa lenyewe. Kule barazani nilikuwa mzembe, na uzembe una msamaha wake. Lakini mbele ya lile ghala nilikuwa najua. Akina mama thelathini walikuwa wananitazama, na mdomo wangu, huu huu usiokosa la kusema, ukapata la kusema.

"Mama zangu, mfumo haujawasoma."

"Mfumo gani?" akauliza yule mama.

"Wa TEHAMA. Kuna mtu Masasi pale, ndiye anayehusika na mifumo. Inaonekana amewafuta."

Neno "inaonekana" nililiweka ili Mungu asinihesabie uongo. Mjinga mimi.

Yule mama alifikiri kwanza. "Amenifuta mimi? Hatujawahi kuonana. Nimemkosea nini?" Wenzake wakaanza kupaza sauti, kwamba watu wa ofisini ndivyo walivyo, wanakaa kwenye feni wanafuta watu. Yeye akawanyamazisha. "Mwacheni binti, yeye alikuja akatuandika na jua lile." Nilipokuwa napanda gari akanifuata dirishani na mfuko wa ming'oko ya kuchemsha, viazi pori vya kwetu. "Pole, mwanangu. Umehangaika bure kwa ajili yetu. Kamwambie huyo mtu aturudishe upesi, maua hayasubiri."

Niliila ile ming'oko njiani. Sikuitupa, sikuikataa. Nilikuwa na njaa nikaila.

Mifuko ya akiba ilikuwepo ghalani Masasi. Hili nalo nalisema. Kilichokosekana ni majina tu, maana bila majina mtunza ghala hatoi hata kopo. Nilimweleza bosi ukweli wote asubuhi ya pili. Akashika kichwa. "Tukisema tulitumia programu ya nje baada ya ile barua, mimi na wewe tumekwisha. Rudi Chilangala kimya kimya, uwaandike upya." Nikakubali haraka sana. Lakini gari likawa gereji, likatoka gereji likapelekwa kwingine, mara kikao, mara wageni. Kila jioni nasema kesho. Na ofisi ya TEHAMA ilikuwa hatua kumi na tano kutoka mezani kwangu. Siku moja nilizihesabu. Zilipita siku kumi na nane.

Siku ya kumi na tisa, saa nne asubuhi, mlinzi akaja kusema kuna bibi getini anamtaka mtu wa mfumo. Nikatoka. Alikuwa yeye. Ametoka Chilangala peke yake, viatu mkononi, miguu ina vumbi jekundu hadi magotini, na kifuani ameshika kitu kilichofungwa kwenye kanga namna ya kubeba mtoto mchanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kwako, wewe usisumbuke. Nipeleke kwa yule aliyenifuta."

Nilimpeleka. Nilitembea mbele yake, tukapita mezani kwangu, tukazimaliza zile hatua kumi na tano, nikamfungulia mlango. Mtu wa TEHAMA alisimama alipomwona mtu mzima, akasogeza kiti, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

Hakuitika.

Mtu asiye wa kwetu hawezi kuupima uzito wa jambo hilo. Huku unaweza kugombana na mtu, ukampeleka kwa mtendaji, mkarudi njia moja hamsemezani, lakini shikamoo yake utaiitikia. Kumnyima mtu marahaba ni kumwambia kwamba kwako si mtu. Yule mama alimtazama tu. Akaifungua kanga juu ya meza, juu ya vitufe vya kompyuta, na ndani yake kulikuwa na tawi la mkorosho. Maua yake yote yalikuwa meupe, yamejikunja, mengine yameanza kuwa meusi.

"Nimekuletea uone," akamwambia. "Iko kumi na saba. Huu ni mmoja."

Yule bwana aliliangalia lile tawi. Halafu akainua macho akaniangalia mimi, nimesimama mlangoni. Nikaona anaelewa. Hakuwa anajua kitu kuhusu Chilangala, hakuwa amemfuta mtu, orodha ile hakuigusa kamwe, na mbele yake amesimama bibi anayemlaumu na pembeni nimesimama mimi. Ilikuwa niseme maneno matatu tu: ni mimi, mama. Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

Yeye akasema, "Pole sana, mama. Nitalishughulikia leo."

Yule mama akakunja kanga yake tupu, akaliacha tawi palepale, akatoka. Mimi akaniaga. Yule bwana hakumuaga.

Mlango ulipofungwa nikaanza kulia, na hata kulia kwenyewe kulinitia soni, maana nani alinionea? Nikamwambia yote, programu, namba ya duka, kitufe cha Ndiyo, na maneno niliyosema ghalani. Alisikiliza huku anaokota vumbi la maua kwenye vitufe kwa ncha ya kidole.

"Mficha uchi hazai, dada," akasema. Kisha, "Haya, lete simu."

Kumbe ile programu haifuti kabisa. Ina mahali inapoweka kumbukumbu ya kila kilichobadilishwa, kwa tarehe na saa. Aliingia humo, akashuka taratibu, na akina mama wakaanza kutokea mmoja mmoja, majina yao, mikorosho yao, hadi wa kwanza kabisa, mikorosho kumi na saba. Chai yangu niliyoiacha mezani ilikuwa bado ina uvuguvugu niliporudi. Siku kumi na nane, na kazi ilikuwa ya kiasi hicho. Hakunisema. Laiti angenisema.

Salfa iliondoka jioni ile. Baadhi ya akina mama waliwahi, wale ambao mikorosho yao huchelewa kutoa maua. Ya yule mama hutangulia kila mwaka. Ilikuwa imeshakwisha.

Sasa ngoja nimalize na aibu ya pili, maana ya kwanza haikunitosha. Mkurugenzi alitaka maelezo ya maandishi. Bosi akaniambia, "Andika changamoto za mfumo. Usiseme zaidi." Nikaandika. Neno hili mfumo linafaa sana, halina uso wala mdomo wa kujitetea. Lakini kwetu mfumo ulikuwa na mtu wake, kila mmoja alijua ni nani, na barua ya onyo ikamfikia yeye. Nilikuwepo alipoipokea. Alisaini kitabu cha kupokelea barua, akaiweka kwenye faili. Nilimfuata koridoni nikamuuliza kwa nini hasemi ukweli.

"Mimi langu nililisema mwezi wa tatu, nikalibandika ubaoni," akajibu. "Hili si langu kulisema."

Mwaka uliofuata bosi alishahamia kwingine, na uandikishaji ulifanyika kwa mfumo wa mtu wa TEHAMA. Mwezi wa nne akaja mezani kwangu. "Chilangala twende wote, dada. Wewe unawafahamu." Nilitafuta sababu ya kukataa, sikuipata.

Tulianza kwa yule mama, nyumbani kwake. Nyasi za paa zilikuwa zimezama katikati. Beseni lilikuwa ukutani, na kando yake lilikuwepo la pili, ambalo mwaka uliopita hakulitaja.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu! Karibu, karibu." Akaniletea kigoda kile kile.

"Shikamoo, mama," akasema mwenzangu.

Aligeuka akatazama mikorosho. Mwenzangu akarudia, taratibu, kwa heshima ile ile. Bado anatazama mikorosho. Kigoda kilikuwa kimoja, nami nilikuwa nimekikalia. Mtu mzima yule akachuchumaa kwenye mchanga, akawasha kishikwambi chake, akaanza kuuliza. Mama akawa anajibu kupitia kwangu. Mwambie ni kumi na saba. Mwambie wajukuu wawili. Nami nikawa mkalimani kati ya watu wawili wanaozungumza Kiswahili kimoja.

Tukafika kwenye swali. Akaliuliza kwa sauti ile niliyokuwa nikiigiza ofisini. "Una simu, mama? Na kama huna, namba utakayotupa ni ya nani?"

"Mwambie ya duka siitaki tena," mama akasema. Akaniwekea mkono begani. "Mwambie aandike yako wewe. Wewe hutanifuta."

Mwenzangu aliinamia kishikwambi. Hakuandika. Alikuwa anasubiri, na nilijua hatasema kitu, ataandika namba yangu kama nitamwacha aandike, na tutaondoka hapo na mama yule atakufa siku moja akimchukia mtu aliyemtafutia salfa na akinipenda mimi.

"Mama," nikasema. "Aliyekufuta ni mimi."

Mkono wake ulikuwa bado begani kwangu. Nikamwambia yote. Simu yangu, fomu yangu, na kidole changu hiki. Nikamwambia kwamba pale ghalani nilikuwa nimeshajua. Nikamwambia kuhusu siku kumi na nane, na mifuko iliyokuwepo, na kwamba siku aliyoleta tawi nilimfungulia mlango ili amlaumu asiyehusika. Nikasema huyu bwana hakuwahi kumfuta, huyu ndiye aliyemtafuta hadi akampata. Sikuongeza "inaonekana."

Aliutoa mkono. Hakunigombeza. Akasimama na kumsogelea mwenzangu aliyekuwa amechuchumaa mchangani.

"Marahaba, mwanangu," akamwambia. "Marahaba. Inuka hapo chini."

Akaingia ndani, akatoka na mkeka, akamtandikia. Wakamaliza fomu wao wawili. Kwenye swali la simu akasema hana, na mwenzangu akasema hapana neno, mfumo una nafasi yake. Mimi nilibaki kwenye kigoda, sijui kama ninyanyuke au nikae.

Wakati wa kuondoka nilimwamkia tena. Nilipiga goti kabisa. "Shikamoo, mama." Alikuwa anakunja mkeka. Aliukunja hadi mwisho, akauweka kwapani, akaingia ndani.

Ni mwaka wa pili sasa. Salfa humfikia mapema, na msimu uliopita aliezeka bati. Nililiona kutoka barabarani linavyowaka jua. Nimeshapita pale mara tano. Kila mara nasimama uani nampa shikamoo yangu, naye anatazama mikorosho.